Uzi: Kwa nini daktari wa usingizi analipwa hela ndefu na hata sura yake huikumbuki?

Karani wa Bili

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mhasibu kwenye hospitali binafsi hapa Dar. Sitaitaja, bado naihitaji ajira. Dawati langu ndilo linaloandaa malipo ya mabingwa wa kuja na kuondoka, wale ambao mchana wako hospitali ya umma na jioni wanapita kwetu kupasua wagonjwa wawili watatu. Kila wiki hakosi ndugu wa mgonjwa wa kuja dirishani na bili mkononi, kidole kimegota kwenye mstari mmoja: "Kijana, huyu wa usingizi ndiye nani? Aliyempasua mama namjua, tumeongea naye. Huyu mwingine mbona kala hela yote hii na hatujamwona?"

Huyo ndiye anayemlaza mgonjwa asisikie maumivu wakati anapasuliwa. Zamani nilikuwa najibu kikarani tu, ndiyo bei mzee wangu. Siku hizi nikipata nafasi naeleza, kwa sababu hata mimi ilinichukua miaka kuelewa, na majibu niliyoanza nayo karibu yote yalikuwa na matobo.

La kwanza kila mtu analo: kasoma sana. Kweli kasoma. Piga hesabu. Kidato cha sita anamaliza na miaka 19 au 20. Udaktari miaka 5, utarajali mwaka 1, kisha wengi wanahenya kwanza wilayani ndipo warudi kusomea ubingwa Muhimbili, KCMC au Bugando, miaka 3 au zaidi. Akitaka ubobezi anaongeza mingine. Anaanza kuitwa bingwa bobezi akiwa na miaka 35 kwenda juu, wakati huo aliosoma nao sekondari wameshajenga na kupangisha.

Lakini ingekuwa ni miaka ya shule, tazameni Marekani, ambako mishahara ya madaktari inatangazwa na watu wanaichambua kama ligi. Daktari wa watoto kule akiamua kuongeza miaka 3 asomee magonjwa ya kuambukiza ya watoto, kwa kawaida anatoka na ubingwa mkubwa na mshahara mdogo kuliko angebaki alipokuwa. Si utani. Ndiye anayepigiwa simu na wenzake wakikwama, na analipwa chini ya yule aliyebaki kliniki na mafua na chanjo.

La pili: kazi ngumu, roho ya mtu mkononi, kuamshwa usiku. Hapo bingwa wa ngozi anaharibu hesabu. Marekani yumo kwenye kundi la wanaolipwa vizuri sana, na ni nadra mtu kumwamsha saa 9 usiku kwa sababu ya chunusi.

Sasa niwaambie ninachokiona kwenye vitabu vyangu. Hospitali kama yetu inaishi kwa thieta, yaani chumba cha upasuaji. Wodi inajikongoja, kliniki inaleta watu, famasi ina faida yake, ila thieta ndiyo inayolipa umeme na mishahara. Na thieta ina watu: mpasuaji, msaidizi wake, nesi wa kumpa vifaa, nesi wa kuzunguka, wa kuchemsha vifaa kule nyuma, na mgonjwa mwenyewe ambaye hajala tangu jana. Hao wote wawe tayari, daktari wa usingizi awe amekwama kwenye foleni ya Ubungo, hakuna kinachoanza. Mpasuaji hata awe profesa, atakaa kwenye benchi achezee simu. Kuna siku tuliahirisha wagonjwa watatu kwa namna hiyo. Jioni nilipojumlisha kilichopotea ndipo nikaelewa kwa nini mkurugenzi, ambaye anabishana na sisi mpaka bei ya karatasi, habishani na watu wa usingizi wakitaja yao. Ile ni bei ya kufunguliwa mlango.

Na wenye ufunguo huo ni wachache, wanajuana, na wanajua tunawahitaji. Kwangu mimi hela inatokea hapo.

Naomba kuwasilisha. Wenye nondo waongeze.

Mwalimu wa Zamu

Mkuu hapo umewatetea walaji wenzako tu. Sindano moja, mtu kalala, kisha bingwa anavuta kiti anaangalia tivii ya mashine. Mimi nina watoto 96 darasani, chaki nanunua mwenyewe, na nikikwama kwenye foleni darasa langu nalo halianzi. Yangu ya kufungua mlango iko wapi?

Karani wa Bili

Mwalimu, umenichoma. Lakini tazama kinachotokea ukikwama. Mwalimu mkuu atamwambia mwenzako aunganishe madarasa. Watoto watajazana 190 kwenye chumba kimoja, watajifunza kidogo sana, ila kengele italia na siku itahesabiwa. Hasara ya wewe kukosekana inaonekana baada ya miaka 10 na hakuna wa kuihesabu. Ya mtu wa usingizi inaonekana baada ya dakika 4. Sisemi ni haki, nasema soko linalipa hasara inayoonekana haraka.

Kuhusu sindano. Wenyewe wana msemo wao wa utani: kukulaza ni bure, tunadai hela ya kukuamsha. Dawa ikishaingia, na ile ya kulegeza misuli ikifuata, mgonjwa hapumui mwenyewe. Mrija wa kumpa hewa ukipitia njia ya chakula badala ya njia ya hewa na mtu asigundue, ubongo unaanza kufa ndani ya dakika chache. Hata ile amri ya kutokula kwa muda wa saa 6 kabla ya kupasuliwa, watu wanadhani ni ukorofi wa manesi. Koo likilegea, chakula kinarudi juu na kuingia mapafuni. Kuna ndugu wanapenyeza chapati chini ya shuka kwa huruma.

Na hiyo "tivii" ndiyo imegeuza kazi. Tarehe 16 Oktoba 1846, pale Massachusetts General, Boston, daktari wa meno William Morton alimvutisha mgonjwa etha, na mpasuaji John Warren akamtoa uvimbe shingoni mbele ya watu. Kabla ya hapo sifa kubwa ya mpasuaji ilikuwa kasi, maana mgonjwa alikuwa macho ameshikwa na wanaume. Tumbo lilikuwa haliguswi ovyo. Baada ya etha wapasuaji wakapata kazi ambazo hazikuwezekana, na jina, na hela. Ila aliyekuwa akimwaga ile etha kwenye kitambaa kwa miaka mingi alikuwa mwanafunzi au nesi yeyote aliye karibu. Heshima ilikuja taratibu, pamoja na mashine. Kile kibano cha kidoleni cha kupima oksijeni kwenye damu, mlichokizoea wakati wa korona, msingi wake ni kazi ya Mjapani Takuo Aoyagi miaka ya 1970. Kwenye nchi tajiri, vifo vinavyosababishwa na usingizi wenyewe vilishuka kutoka takriban 1 kati ya watu 10,000 mpaka chini ya 1 kati ya 100,000.

Sista wa Ketamini

Naomba niongee kidogo maana mada yangu hii.

Mimi ni nesi niliyesomea usingizi, niko kituo cha afya huko Rukwa. Daktari bingwa wa usingizi nimemwona alipokuja na ile kambi ya mabingwa mwaka 2024, akakaa siku chache akaondoka, na nilimng'ang'ania kama kupe. Siku nyingine zote ni mimi. Mama analetwa na bodaboda, mtoto kakaa vibaya, daktari anasema twende. Presha inapimwa, natoboa mgongo, nampa ganzi. Ikigoma, kuna ketamini. Ketamini Mungu aibariki, inamlaza mtu na bado anaendelea kupumua mwenyewe, ndiyo maana vijijini inatubeba.

Sasa Karani anasema mwenye ufunguo wa mlango analipwa. Ufunguo ninao. Nisipofika, upasuaji haupo. Mbona mshahara wangu ni wa nesi?

Karani wa Bili

Sista, swali lako limenikalisha. Nadhani jibu ni kwamba kwangu mlango ukifungwa hospitali inapoteza hela kesho asubuhi. Kwako ukifungwa anapoteza mama, na kituo kinabaki na bajeti ileile. Kwa hiyo hayupo wa kukupandia dau. Kumbe nilipoandika uchache nilikosea kidogo. Huko uliko wewe ni wa nadra kuliko hao wa kwangu hapa Dar. Kinachohitajika ni uchache uliokaa karibu na mtu mwenye hela ya kulipa.

Sista wa Ketamini

Asante kwa kukiri. Niongeze moja, watu wasidhani huku ni giza tupu. Ile orodha ya kuulizana kabla ya kupasua, jina la mgonjwa, upande gani, mzio, kibano cha kidoleni kimewekwa, Shirika la Afya Duniani liliijaribu kwenye hospitali 8 duniani, na mojawapo ni St Francis, Ifakara. Ifakara hiihii, pamoja na London, Seattle na Toronto. Matokeo yalitoka Januari 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi moja na watu kukubali kuulizana. Hakuna aliyeongezewa mshahara kwa hilo.

Mbongo wa Houston

Kazi yangu huku ni kugeuza alichofanya daktari kuwa namba za kupeleka bima. Kwa hiyo Karani ni mwenzangu, tofauti ni baridi ya kiyoyozi.

Wamarekani hawaachi bei kwa soko kama watu wanavyodhani. Kuanzia 1992, Medicare, yaani bima ya serikali ya wazee, inalipa kwa jedwali. Kila kitendo cha daktari kina pointi: kazi yenyewe, gharama za ofisi, na bima ya kushtakiwa. Msingi wake ulitokana na utafiti wa profesa William Hsiao wa Harvard. Nia ilikuwa nzuri, kupunguza pengo kati ya daktari anayepasua na daktari anayesikiliza na kufikiri. Lakini kila mwaka kamati ya madaktari inashauri pointi zikae vipi, na kelele kuhusu kamati hiyo haziishi, kwamba wapasuaji na wenye vifaa wana sauti kubwa mezani. Bima nyingi binafsi nazo zinaanzia kwenye jedwali hilohilo. Kitendo kikishapewa pointi nyingi, kisha teknolojia ikakifanya kiwe cha dakika 15 badala ya saa nzima, pointi huwa zinachelewa sana kushuka. Hapo ndipo wengine wametajirikia.

Usingizi una hesabu yake. Kuna uniti za kuanzia, halafu uniti 1 kwa kila dakika 15. Mtoto wa jicho anaanzia uniti 4. Kujifungua kwa kupasuliwa, 7. Moyo uliosimamishwa ukasaidiwa na mashine, 20. Ukiona namba hizo unaelewa daktari yule anauza nini: hatari na muda.

Na foleni ya kuingia ni finyu. Bunge lao mwaka 1997 liliweka ukomo wa nafasi za mafunzo ya ubingwa ambazo Medicare inazilipia. Bingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu anafundishwa miaka 7 baada ya kupata udaktari, na nafasi ni chache kila mwaka. Anamaliza ana deni la shule ambalo dola 200,000 ni kawaida. Akianza kulipwa, anazungumzia zaidi ya dola 600,000 kwa mwaka, wakati wa watoto anazungukia 250,000. Deni lao ni lilelile.

Mkenya Mtulivu

Wadau, niseme upande wa huku. Kwetu maneno ya mishahara ya madaktari si uchambuzi, ni maandamano. Mgomo ulioanza Desemba 2016 ulikwenda siku 100, viongozi wa chama wakatupwa jela kwa muda. Ule wa 2024 ulienda siku 56, na kiini kilikuwa madaktari walio mafunzoni: mkataba ulisema shilingi 206,400 kwa mwezi, serikali ikasema 70,000 inatosha.

Halafu 2018 tukaletewa madaktari 100 kutoka Cuba, wakagawiwa kaunti. Madaktari wetu walilalamika, bingwa wa kwetu hana kazi na mgeni amelipiwa nyumba na gari. Mpango ulifungwa 2023. Mimi funzo nililopata ni kwamba bingwa anaweza kuwa adimu na bado akakosa ajira. Uhaba wa watu na uhaba wa nafasi za kuwaajiri ni vitu viwili, na kwetu vinaishi nyumba moja.

Daktari wa Vichanga

Nimesoma kimya mpaka hapa. Mimi ni bingwa wa watoto, hospitali ya umma.

Serikalini bingwa ni bingwa. Wa watoto, wa usingizi, wa mifupa, daraja likiwa sawa mshahara ni sawa. Tofauti inaanza saa 10 jioni kila mtu anapowasha gari lake. Mwenzangu wa mifupa anaelekea sehemu ambayo goti moja litamlipa kuliko wagonjwa wangu wa wiki. Mimi naelekea kliniki ambako kila mtoto ana ada ya kumwona daktari, basi.

Nikikaa na mama dakika 40 nikagundua kwamba mtoto hana kifafa, anashikilia pumzi kwa hasira, nimemwokoa na miaka ya vidonge. Bili yake ni ada ya kumwona daktari. Nikiwa mvivu nikaagiza vipimo vitano, hospitali inanipenda. Karani usinijibu, najua unajua.

Sina chuki na wa usingizi. Mtoto wa kilo 2 akipasuliwa utumbo, yule mtu ana nafasi ndogo ya kukosea kuliko yeyote chumbani, mimi nikiwemo. Alipwe. Ninachokataa ni mtu kuniambia tofauti ile inapima thamani ya kazi. Inapima ni nini kinaandikika kwenye risiti.

Karani wa Bili

Daktari, sijibu. Nimeinamisha kichwa. Kwenye vitabu vyangu mtoto aliyezuiwa asilazwe hana mstari.

Mtanzania wa Leeds

Kuna nchi iliyojaribu kukwepa hili. Uingereza, kwenye hospitali za umma, daktari bingwa wa akili na wa ubongo wako kwenye ngazi moja ya mshahara. Kwa mwaka 2024/25 kule England ilianzia kama pauni 105,000 na kuishia karibu 140,000 kwa miaka ya kazi, bila kujali unafungua fuvu au unasikiliza watu. Na madaktari wa usingizi ndio kundi kubwa kuliko mabingwa wote wa hospitalini, kwa hiyo huku si wachache kama huko kwenu.

Lakini mlango wa nyuma upo tangu siku ya kwanza. Huduma ya taifa ilipoanza Julai 1948, waziri Aneurin Bevan alikubali mabingwa waendelee kuwa na wagonjwa wao binafsi, vinginevyo wangegoma kuingia. Mpaka leo wa mifupa, wa macho na wa usingizi wana Jumamosi zao. Wa magonjwa ya wazee Jumamosi anakata majani. Kwa hiyo hadithi ya saa 10 jioni aliyoisema Daktari, na huku ipo, ila wanaifanya kwa adabu.

Kijana wa Mbagala

Nimesoma uzi wote nikitafuta jambo moja. Dogo yuko kidato cha tano, PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia. Asome ubingwa gani?

Mbongo wa Houston

Akitaka hela, kitu chenye uniti. 😂

Daktari wa Vichanga

Amalize kwanza fizikia ya kidato cha sita.

Mwalimu wa Zamu

Mimi narudi kwa Karani. Nimelainika kidogo, hasa kwa Sista. Lakini mke wangu ana uvimbe wa kizazi, anapasuliwa mwezi ujao, na hospitali tumepewa bei kwa mdomo. Nifanyeje nisije kugota kidole dirishani kwako?

Karani wa Bili

Pole Mwalimu, mpe pole shemeji. Usikubali bei ya mdomo. Waambie wakuandikie, na uulize kwa maneno haya: bei hii imejumuisha daktari wa usingizi, dawa zake na oksijeni, au hivyo ni pembeni? Sehemu nyingi wanakutajia ya mpasuaji na kitanda, usingizi unakuja baadaye. Kama mna bima, ulizeni kama daktari wa usingizi wa siku hiyo yuko kwenye mkataba wa bima au analipwa taslimu, kwa sababu mpasuaji anaweza kuwemo na yeye asiwemo. Uliza pia akikaa thieta kuliko ilivyopangwa inaongezeka kiasi gani.

Na omba shemeji aonane naye kabla ya siku yenyewe. Ni haki yake na mara nyingi hiyo ada haiongezeki. Atamuuliza dawa anazotumia, meno yanayocheza, kama kuna mtu kwenye ukoo aliyewahi kupata shida kwenye usingizi. Amjibu ukweli, hata kama ni dawa za kienyeji. Hasa dawa za kienyeji.